Vikombe Viwili vya Saa Saba

4 Machi

Kaka,

Basi mashine ikameza sarafu ya yule binti ikanyamaza, na kijana aliyekuwa nyuma yake akaipiga teke, ndipo na mimi nikatoka chini ya ngazi kwenda kuifungua. Shemeji alikuwa wa tatu kwenye foleni. Hakunisemesha mbele ya watu, aliniamkia kwa kichwa tu. Nimeanzia hapo kwa sababu uliniambia nikuandikie ninachokiona, na hicho ndicho nilichokiona jana.

Ulisema kila gari la mahitaji likipanda huko kambini, yaani kila wiki mbili, lisipande bila barua yangu. Kwamba wewe uko porini unachimba visima, simu haishiki, na mchumba wako yuko huku chuoni peke yake, basi mimi ndiye macho yako. Sawa. Mimi kusema sijui ila kutazama najua.

Mashine yenyewe iko chini kwenye jengo la maktaba, kati ya ngazi na mlango wa choo. Wanafunzi wanaiita Mjomba, eti kwa sababu inapokea na hairudishi chenji. Ukiiwekea sarafu inanguruma kwanza kama mtu anayetafuta kisingizio, halafu inaangusha kikombe. Siku nyingine kikombe kinaanguka upande, kahawa yote inaishia kwenye tundu, mtu anabaki anaangalia tu. Kazi yangu ni kuijaza unga wa kahawa, unga wa maziwa, sukari, maji na vikombe, na kumwaga ndoo ya machicha ya kahawa. Halafu naifuta mdomo, maana maziwa yakigandia pale yananuka kama mtoto aliyecheua. Bosi anataka niwepo usiku kwa sababu mitihani inakaribia na watu hawalali. Nalala mchana kwenye stoo chini ya ngazi, na maboksi ya vikombe.

Sasa shemeji. Anakuja saa saba usiku, wakifunga chumba cha kusomea cha juu. Anakuja na daftari zake za maabara na lile sweta lako la kijivu. Ananunua vikombe viwili, kila siku, hajawahi kununua kimoja. Anakaa ngazi ya tatu karibu saa nzima halafu anakwenda kulala. Hana makuu. Wengine wanakuja hapa wawili wawili wameshikana mikono, yeye hapana.

Mimi nipo vizuri. Maandishi ya kwenye kioo cha Mjomba sasa nayasoma yote, siyo kwa kukisia umbo kama zamani.

Msalimie mtunza stoo anayekusomea hii. Mwambie asipaze sauti sana.

Mdogo wako


17 Machi
Kambini, kisima cha tisa

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mtunza stoo ameisoma wakati wa chakula, maana taa ni moja na iko mezani, na unajua hapa barua ya mmoja ni redio ya wote. Walifurahi sana na huyo Mjomba wenu. Fundi wa pampu anasema anao wawili wa namna hiyo upande wa mama yake.

Alipofika kwenye vikombe viwili, mpishi akaniuliza, "Nyapara, kwani mchumba wako ana matumbo mangapi?" Meza nzima ikacheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikaenda kulala, na sikulala.

Nakuuliza sasa kama kaka, siyo kama nyapara. Kikombe cha pili ni cha nani?

Mimi nina miezi kumi na minne hapa natoboa mwamba. Vumbi la mawe limeniingia mpaka kwenye meno, nikitafuna nasikia. Nafanya hivyo ili amalize mwaka huu, avae koti lake jeupe, tufunge ndoa. Sijawahi kumuuliza anakula nini wala anavaa nini. Kwa hiyo na mimi nina haki ya kuuliza kitu kimoja. Usimwogope na usimfichie. Wewe ni damu yangu, yeye bado ni mchumba.

Halafu mtunza stoo anasema mwandiko wako umenyooka, kama wa karani. Mara ya mwisho uliniandikia mistari minne na yote ilikuwa inapanda kilima. Nani anakufundisha?

Nijibu kwa gari hilihili likirudi.

Kaka yako, Nyapara

Mimi mtunza stoo nimeandika kama alivyotamka. Lile la matumbo aliniambia nilifute, halafu akasema liache, asome aone.


20 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nilikuwa naitoa mfukoni naisoma, narudisha, mpaka imelainika kama kitambaa.

Kikombe cha pili sijui ni cha nani. Mimi nikishamfungua Mjomba ninakuwa nyuma ya mlango wake wa chuma, ngazi siioni vizuri. Labda anakunywa vyote viwili, kahawa ya hapa ni nyepesi. Labda kuna mtu, labda hakuna. Ninachojua ni kwamba anasoma sana, macho yake yamekuwa mekundu, na Jumatatu alisinzia na kalamu mkononi.

Mwandiko ni mazoezi tu.

Kaka, kama inawezekana, mtunza stoo awe anakusomea pembeni. Kuna mambo mtu hawezi kuandika akijua mpishi anasikiliza.

Mdogo wako


3 Aprili
Kambini, kisima cha tisa

Mdogo wangu,

Umeandika labda kuna mtu. Mimi nakujua wewe. Tangu unatambaa hujawahi kunidanganya. Hata siku ile ulipoangusha redio ya baba ulikuja mwenyewe ukasimama mlangoni, huongei, unaangalia miguu, mpaka nikaelewa. Kwa hiyo wewe ukiniandikia labda, najua ni ndiyo, ila unanionea huruma.

Na hapa mezani wamenielewesha. Dereva wa mtambo anasema mwanamke hamnunulii kahawa mtu asiyemjua, tena saa saba usiku, tena kila siku.

Nimemwambia mtunza stoo aandike barua mbili nyingine. Moja ya ofisi ya chuo, kwamba mimi siyo mdhamini wake tena kuanzia leo, na ada iliyobaki ya muhula huu wasiitegemee kwangu. Nyingine ya kwake. Zote zinashuka na gari hili pamoja na hii yako.

Usijilaumu. Umefanya kazi ya ndugu.

Kisima cha tisa kimetoa maji ya chumvi. Tunahamisha mtambo kesho.

Kaka yako, Nyapara


9 Mei
Kwa mama mdogo

Shemeji,

Nakuita hivyo kwa mazoea tu, usije ukadhani bado ni cheo.

Niko kwa mama mdogo, kwenye mabanda yake ya kuku. Naamka alfajiri kuokota mayai. Nimesoma miaka mitatu namna ya kuangalia damu kwenye darubini, na sasa naangalia mayai kwenye taa ya tochi, lipi lina damu na lipi halina. Mama mdogo anasema nina jicho zuri. Nikamwambia limegharimu sana.

Siku ya mtihani wa kwanza ulikuwepo, kwa hiyo sikuelezi habari mpya. Mlinzi alikuwa anaita majina mlangoni. Watu wote wakaingia, mimi nikabaki nje na koti langu jeupe, nimelipiga pasi usiku wake. Akageuza karatasi, akaangalia na nyuma, akaniambia, "Dada, wewe haupo humu." Wewe ulikuwa unapita na ndoo yako ya machicha. Ulisimama. Nilifikiri utasema kitu. Ukaangalia ndani ya ndoo.

Wakati huo sikuelewa. Nilidhani ni ile haya yako ya siku zote. Nilikuwa nimeshapata barua ya kaka yako, kwa mwandiko wa yule mtunza stoo, kwamba kila usiku nanunua vikombe viwili na cha pili nampa mwanaume, na kwamba hata mpishi na dereva wa mtambo wa huko kambini wameona hivyo. Niliisoma mara tatu namtafuta huyo mwanaume. Nikajiuliza, jamani, labda nimemsahau mahali. Ilinichukua mpaka nimefika huku, nimeinama na trei la mayai, ndipo nikampata.

Alikuwa wewe.

Maana bosi wako alikukataza kugusa kahawa ya mashine, hata tone, na mimi nilikuwa naona vibaya mtu kukesha anawanywesha wenzake huku yeye anapiga miayo. Nikawa nakuwekea juu ya boksi la vikombe, sukari mbili. Unakunywa, unaandika sentensi zako tano kwenye daftari langu la zamani, nasahihisha, naenda kulala. Miezi mitatu. Ulipoanza ulikuwa unaandika "mashine" kwa herufi kumi na moja.

Ofisi ya chuo imeniambia hivi: mdhamini akithibitisha upya kabla ya mwisho wa Juni, nitarudia muhula na kufanya mitihani. Asipothibitisha, jina linafutwa na miaka mitatu imekwenda. Mimi kaka yako simwombi. Mtu aliyekaa na mpishi na dereva wa mtambo wakanihukumu, na mimi mwenyewe hakuniuliza hata neno moja, nitamwombaje?

Sikuandikii ili unionee huruma. Nataka jibu la swali moja. Kaka yako hawezi kujua habari ya vikombe bila wewe kumwandikia, na kikombe kilikuwa mkononi mwako. Ulichotakiwa kuandika ni maneno mawili, ni changu. Kwa nini hukuandika? Ulikuwa unamwogopa, au kuna kitu kingine?

Jibu kwa mwandiko mzuri. Angalau huo una mkono wangu.

Aliyekuwa shemeji yako


14 Mei

Mtunza stoo, nakuomba sana. Hii usiisome mezani. Mchukue kaka mwende nyuma ya tangi la maji, umsomee huko, taratibu, usiongeze neno.

Kaka,

Kikombe cha pili kilikuwa changu.

Mimi ndiye nilikuwa nakunywa. Hakuna mwanaume mwingine, hakuna mtu ngazini, hakuna aliyewahi kuja. Mimi siruhusiwi kunywa kahawa ya Mjomba, basi yeye ananinunulia kwa sababu ana utu. Halafu ananifundisha kuandika. Mwandiko uliouliza ni yeye.

Nilikuandikia sijui, na nilikuwa najua. Nilikuandikia labda kuna mtu, na aliyekuwepo ni mimi. Barua yako ya kuwa umeacha kulipa nilipoipata niliona na ile ya chuo imekuja na gari lilelile. Ningekimbia ofisini siku hiyo. Sikukimbia. Gari limepanda mara mbili bila barua yangu, nilikuwa sijui naanzaje. Siku wanamzuia mlangoni nilikuwa hatua sita kutoka kwake.

Anaweza kurudi ukithibitisha kabla ya mwisho wa Juni. Nakuomba kaka. Mimi nichukie, ni haki yako. Yeye hana kosa hata la kikombe.

Mdogo wako


29 Mei
Kambini, kisima cha kumi

Wewe,

Amenipeleka nyuma ya tangi kama ulivyoagiza. Watu wakaacha kula. Hapa mtu akisomewa barua pembeni kila mmoja anajua kuna msiba au kuna aibu, na hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo alikuwa ni wewe.

Nimefikiri siku nne. Ungeniambia ile mara ya kwanza, kaka, shemeji ananinunulia kahawa, ningecheka, ningemwambia mpishi funga mdomo. Ningekushukuru kwa kumlinda. Lakini hukuniambia. Nikakuuliza, ukakana. Sasa mtu anafichaje kikombe cha kahawa miezi mitatu kama ndani yake ni kahawa tu? Nilikutuma uwe macho yangu, kumbe ulikuwa unatazama kwa ajili yako.

Sijui hii umeandika mwenyewe au amekushika mkono, maana unasema ndiye mwalimu. Siwezi kujua. Ndiyo mmefika hapo, mnaandika vitu na mimi lazima nisomewe na mtu mwingine.

Usiniandikie tena. Ikija nyingine mtunza stoo ataiacha hivyohivyo kwenye gari irudi.

Nyapara

Mimi mtunza stoo nimeandika alivyotamka. Mimi binafsi nakuamini. Lakini mimi kazi yangu ni misumari na dizeli.


2 Juni

Shemeji, shikamoo. Najua hupendi niseme shikamoo kwa sababu tumepishana mwaka mmoja, ila leo niache.

Uliuliza ni kumwogopa au kuna kitu kingine. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika jibu la uongo mara tatu, na kila mara lilikuwa na mwandiko mzuri.

Kumwogopa kulikuwepo. Na ile meza yao ya kambini ilikuwepo. Lakini hata barua ya kwanza kabisa, kabla hajaniuliza chochote, niliandika vikombe viwili na cha kwangu nikakiruka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nataka kukuandika, yaani nikuweke kwenye karatasi, na sikutaka mtu yeyote ajue ile saa moja ilikuwa ya nani. Nyumbani kila nilichonacho kilianza kuwa cha kaka. Shati, viatu, kitanda. Ile saa haikuwahi kuwa yake.

Wewe hukufanya kitu. Ulikuwa unasahihisha sentensi. Hukuwahi kujua na sikuwa na mpango ujue, na sasa nakuambia kwa sababu uliuliza tu, siyo kwa sababu nategemea kitu. Nimekupotezea miaka mitatu kwa ajili ya jambo ambalo hata halikuwepo nje ya kichwa changu.

Usinijibu. Ningependa ujibu, ila usinijibu.

Wa chini ya ngazi


13 Juni

Kaka,

Umesema nisiandike. Hii siiweki kwenye mfuko wa barua, kwa hiyo haitarudishwa na mtunza stoo, na haitasomwa na yeye. Nitaisoma mimi, mbele yako. Naandika kwa sababu unanijua, nikisimama mbele yako bila karatasi nitaangalia miguu mpaka uelewe unachotaka kuelewa. Safari hii sitaki uelewe mwenyewe. Nataka nisome mpaka mwisho, na wewe unyamaze mpaka mwisho. Ukitaka kunipiga, nikishamaliza.

Dereva wa gari la mahitaji amekubali kunipandisha. Nitakaa nyuma na mapipa ya dizeli. Bosi nilimwomba siku nne, akaniambia nikiondoka wakati wa mitihani ya marudio nisirudi, wapo wengi wanaojua kumwaga maji kwenye mashine. Nikampa funguo. Alishangaa, nadhani alikuwa amezoea kwamba mimi huwa sijibu.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba mtu hafichi kikombe cha kahawa kama ndani yake ni kahawa tu. Ni kweli. Kwangu haikuwa kahawa tu. Naandika hivi ili nisije nikaogopa kulitamka: mchumba wako nilimpenda. Sikumgusa, sikumwambia, na yeye hakujua mpaka juzi aliponibana na swali. Kwake ilikuwa kahawa tu, sukari mbili, kwa kijana aliyekuwa anasinzia. Wewe umeona kosa liko mahali, ukaenda kumpa yeye. Kosa ni langu, lipo huku, ndiyo nimelileta.

Lakini na wewe kaka, nitasoma na hili, nalo usinikatize. Ulinituma nimchunge mtu aliyekuwa anakesha anasoma. Kwa miezi yote uliyokaa huko mtunza stoo amekuandikia barua ngapi za kumpelekea yeye? Nilimuuliza shemeji zamani, akasema moja tu, na ya pili ni ile ya kumfukuza. Kwangu umeandika kila gari. Ungemuuliza yeye cha pili ni cha nani, angekujibu siku hiyohiyo, na angecheka. Mpishi alijua kabla yake kwamba anashitakiwa. Dereva wa mtambo alitoa hukumu kabla yake hajajua kuna kesi.

Nimekuja na fomu ya chuo. Ni karatasi moja. Nilikwenda ofisini kuiomba mwenyewe, nikasimama kwenye dirisha mpaka yule karani akachoka kuniangalia akauliza nina shida gani, nikasema. Nitakusomea yote, kila mstari, na maandishi madogo ya chini. Inasema unathibitisha udhamini mpaka amalize mitihani, basi. Haisemi umuoe. Haisemi umsamehe, na wala hakuna cha kumsamehe. Chini kuna sehemu ya sahihi, na karani amesema dole gumba linakubaliwa. Nimebeba na wino.

Ukikataa nitashuka nayo hivyohivyo. Mwisho wa mwezi ni siku kumi na saba kutoka leo, na gari hili likishuka halipandi tena mpaka wiki mbili, kwa hiyo sina nafasi ya kuja mara ya pili. Na hata ukiweka dole, simwahidi mtu kitu. Yeye hajui kwamba nakuja. Amesema hakuombi, na akiiona hii fomu anaweza kuichana mbele yangu, aendelee na mayai yake. Atakuwa na haki. Ila ichanwe na yeye. Isiwe imekosekana kwa sababu sisi wawili, mtu na mdogo wake, tulikuwa tunaandikiana kuhusu yeye bila yeye.

Baada ya hapo usiniite mdogo wako kama hutaki. Nitakaa kwenye mapipa nisubiri gari lishuke.

Nilitaka kuandika na mambo ya nyumbani, na habari ya mguu wa mama, lakini dereva ameshapiga honi mara mbili na utingo anafunga turubai. Anasema mvua ikitutangulia kwenye kile kivuko cha chini gari halipiti leo, na kesho halipiti, na kila siku inayopita inatoka kwenye zile kumi na saba. Acha niondoke.